Dakika Hamsini Kutoka Kisumu

Halimah alikutana na Swabur mpakani Busia, siku malori yamefunga barabara na bodaboda zinapenya kila upenyo. Alikuwa amejitanda ushungi wa zambarau, anavuka na vitenge vyake vya kuuza, furushi likamponyoka. Kijana mrefu mwenye ovaroli ya kifundi akalidaka kabla halijagusa tope.

"Dada, furushi lako limenichagua mimi."

"Lina mahari. Utaweza?"

Wakacheka, na mapenzi yakaanzia hapo.

Baada ya mwaka, Swabur akapata kazi Nairobi, kutengeneza friji za malori. Penzi likahamia kwenye simu. Aliahidi kuja Idd kuonana na wazee. Idd ikaja, yeye hakuja.

"Bosi amekataa, mpenzi wangu."

"Kila siku bosi! Bosi ndiye uliyemwoa?"

"Basi njoo wewe, kipenzi. Nakukatia tiketi ya ndege. Kisumu mpaka Nairobi ni dakika hamsini tu."

Halimah akakubali, lakini moyoni alishakata shauri: anakwenda kumwambia ana kwa ana kwamba yamekwisha. Mama yake hakuwa na mtoto mwingine, na Nairobi ilikuwa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima.

Ndege iliponguruma na kuinuka Kisumu, alifumba macho akasoma kila dua aliyoijua. Alipoyafumbua, ziwa lilikuwa limelala chini likimeta. Yakafuata mashamba ya chai, kijani kitupu, kisha ardhi ikakatika ghafla, likafunguka bonde ambalo hakuuona mwisho wake, vivuli vya mawingu vikitambaa ndani yake.

"Subhanallah," akanong'ona, machozi yakimtoka. Maisha yake yote alikuwa akienda Tororo, upande wa Uganda, na kurudi mpakani, na kumbe Mungu alikuwa ameyatandaza haya yote hapa jirani. Kabla hajashiba kutazama, rubani akatangaza wanatua.

Nje ya uwanja, Swabur hayupo. Abiria wenzake wote wakachukuliwa. Hatimaye simu ikaita.

"Mpenzi, nimekwama kwenye foleni, magari hayasogei!"

"Swabur, mimi nimepita juu ya bonde lote lile, wewe unashindwa na barabara ya mjini?"

Katikati ya honi, mlango wa gari ukasikika ukifunguliwa. Kisha: "Usiondoke. Nateremka, nakuja kwa miguu."

Alifika anakimbia, kanzu nyeupe imelowa jasho, kofia mkononi.

"Nilijua nitakuta umesharudi," akasema akihema.

Halimah akayatafuta maneno aliyoyabeba tangu nyumbani. Hayakuja.

"Wewe uliliona lile bonde kutoka juu ukajisikiaje?"

Swabur akainamisha macho. "Sijawahi kupanda ndege, Halimah. Hizo dakika hamsini nilizisoma tu kwenye simu."

Halimah akamtazama mtu huyu aliyemtuma aone kitu ambacho mwenyewe hajakiona.

"Basi tafuta ruhusa kwa huyo bosi wako," akasema. "Tunarudi wawili, ukanipose kwa mama. Na dirishani utakaa wewe."