Hodi ya Magharibi Nyumbani kwa Yahya

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Yahya adhana ya magharibi ikimalizika: "Mgeni getini." Yeye alikuwa Lugoba, juu ya ngazi, akifunga nyaya za watu. Akampigia mkewe huko Zinga. Wahida akatoka kuangalia, akarudi. Hapakuwa na mtu, alisema, ila palinuka karafuu maiti.

Yahya akacheka. Simu ya getini iliyotuma ujumbe ilikuwa kuukuu, aliirithi pamoja na nyumba, na juzi tu ndipo alipoiunganisha na simu yake ya mkononi ajue nani kaja, maana tangu homa iwachukulie binti yao Swaumu, Wahida alikuwa haitikii hodi za watu. Na kwa kuwa fundi hakosi mbwembwe, aliongeza sauti yake mwenyewe: mtu akibonyeza kengele, inajibu papo hapo, "Karibu, pita ndani."

Pwani, magharibi hukaribishi usiyemwona. Yahya alilijua hilo tangu utotoni, ila hakukumbuka kuifundisha mashine.

Kila magharibi ujumbe ukaja. Siku moja akasikiliza sauti iliyonaswa na kifaa. "Hodi, baba," alisema Swaumu. Na sauti yake mwenyewe ikajibu, "Karibu, pita ndani."

Alifika nyumbani akamkuta Wahida amekauka, macho yanang'aa, kakaa mkekani na sahani mbili. "Taratibu, Baba Swaumu," alinong'ona. "Anakula."

Wali wa sahani ya pili ulikuwa umeota ukungu, na chumba kizima, mapazia, mito, hata nywele za Wahida alipomkumbatia, kilinuka karafuu maiti, harufu ileile ya siku waliyomvisha mtoto sanda, na nyuma ya mlango kitu kilikuwa kikivuta pumzi polepole, kikisubiri.

Kesho yake akaletwa Bi Chausiku, mganga. Alifukiza, akasoma, akalowa jasho, mwisho akaketi.

"Si mimi niliyelikaribisha, mwanangu. Jini hili kalikaribisha mwenye nyumba kwa kinywa chake, basi mwenye nyumba alikane. Usipolikana, mkeo hafiki Ijumaa."

"Nilikane vipi, bibi?"

"Litakuita baba. Ukatae."

Magharibi Yahya alizima kifaa, akasimama getini. Kengele ikalia vilevile.

"Hodi, baba. Huku kuna giza. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Swaumu hasa, na kile kikwifukwifu chake cha kabla ya kulia. Machozi yalimtoka Yahya. Nyuma yake Wahida alimvuta kanzu: "Mfungulie! Mwanao huyo, mfungulie!"

"Sikujui," Yahya alisema. "Mimi si baba yako. Hapa si kwenu. Ondoka."

Kilio chembamba kikaelekea barabarani, kikafifia. Harufu ikakatika.

Wahida alipona. Anakula, anasuka ukili, anaitikia hodi. Bi Chausiku alisema jini halirudi, na kweli halijarudi. Lakini mpaka leo Wahida hajamwita tena mumewe Baba Swaumu. Humwita Yahya.