Pipi za Harusi Kiotani

Kila Alhamisi akitoka shule, Hulkar alikuwa na kazi tatu: kuwapa kuku maji, kufagia ua, na kuchemsha chai ya kijani kabla wageni wa bibi yake hawajafika. Wageni wenyewe tulikuwa sisi wafuga kuku wa mtaa wetu pale mjini Margilan. Tulikaa kwenye kitanda kikubwa cha mbao chini ya mzabibu, tukamega mkate na kuzungumza. Tuseme kweli, tulikuwa tukijisifu. Ungetusikiliza, ungedhani kuku wa mtaa ule hawajui kutaga yai dogo.

"Wangu jana kataga yai la viini viwili," alianza Tursunoy, jirani wa ukuta mmoja, Alhamisi moja.

"Juzi viini viwili, mwezi jana viini viwili!" Mzee Ergash alimtania. Yeye alifuga kuku wanne na kware mmoja, aliyempenda kuliko wajukuu zake. "Huyo kuku wako moja haijui?"

Tulicheka sote, isipokuwa Bibi Mastura, mwenye nyumba na bibi yake Hulkar. Kuku wake mwekundu, Anor, alikuwa ameatamia mayai tisa kwa siku kumi na saba. Zilibaki siku nne tu vifaranga waanguliwe. Lakini tangu asubuhi Anor alikuwa amesimama kando ya kiota, manyoya yamemsimama, hali wala hanywi.

"Huyo katishwa," alisema Mzee Ergash. "Na aliyemtisha namjua. Ni paka wa nyumba ya pili. Kila siku namkuta chini ya tundu la kware wangu, anajilamba midomo."

Paka huyo, Mosh, alikuwa wa Nozima, binti wa Tursunoy mwenye miaka tisa. Nozima alikuwa amekaa papo hapo karibu na mama yake, bado amekonda kwa homa ya wiki nzima, na paka mapajani.

Tursunoy aliona aibu. "Dada Mastura, nisamehe. Kesho asubuhi namtoa huyu paka. Nampeleka kwa msaga unga, akale panya huko."

"Mama, hakufanya kitu!" Nozima alilia. "Alikuwa kitandani na mimi!"

"Nyamaza. Jirani ni bora kuliko paka."

Hulkar aliliweka birika chini. Alijua kwamba Mosh hakuwa na kosa.

Jumapili iliyotangulia tulikuwa na harusi mtaani. Bibi harusi alipovuka kizingiti, wanawake walimrushia pipi kama ilivyo desturi, na watoto, Hulkar akiwemo, wakazigombania. Pipi hizo ni baraka, na asiyekuwepo hupelekewa fungu lake. Bibi Mastura alikuwa amemwambia Hulkar waziwazi: "Nusu mpelekee Nozima, anaumwa."

Hulkar hakupeleka. Mgonjwa wa homa ataonja nini, aliwaza. Akangoja Anor ashuke kunywa maji, akazifukia pipi zote ndani ya majani ya kiota, aje azile peke yake. Ni nani angethubutu kutia mkono chini ya kuku anayeatamia? Asubuhi ya Alhamisi hiyo alipochungulia, alikuta makaratasi yanayong'aa yamechanwachanwa na pipi nyingi hazipo. Aliogopa, akaenda shule bila kusema.

"Dawa ya kuku aliyetishwa ni moto," sasa Mzee Ergash alikuwa akieleza. "Kanda donge la unga, tia pilipili na kitunguu, umlishe kwa nguvu."

Bibi Mastura alikanda donge haraka. Akamshika Anor, akampanua mdomo.

"Bibi, usimlishe!" Hulkar alipiga kelele. "Si paka! Amekula pipi na makaratasi yake!"

Bibi Mastura aliuachia mdomo wa kuku.

"Pipi zipi?"

"Za harusi." Machozi yalimtoka. "Za Nozima. Nilizificha kiotani."

Bibi alimpakata Anor. Alimpapasa kuku gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, akalikuta gumu kama jiwe. Akalitupa lile donge. "Maji ya vuguvugu! Na mafuta ya pamba, kijiko kimoja! Hulkar, Nozima, funikeni mayai kwa koti langu la pamba, yasizidi kupoa!"

Tursunoy alimshika Anor, Bibi akamtilia maji na mafuta kidogo kidogo huku akilikanda gole polepole. Chai yetu ilipoa, na hakuna aliyeigusa. Mwishowe kuku alijikunyata, akatapika maji machungu, na pamoja nayo donge la karatasi nyekundu. Jua lilipokuwa linazama, Anor alikunywa maji mwenyewe, akarudi kwenye mayai yake.

"Haya, mzee," Tursunoy alimgeukia Ergash, "muombe paka radhi."

"Kwa kuku, namwomba radhi," alinung'unika Mzee Ergash. "Kwa kware, kesi bado ipo."

Hulkar alimsogelea Nozima. "Nisamehe. Sina hata moja ya kukupa. Zilizobaki zimejaa kinyesi cha kuku."

"Sikutaka pipi," alijibu Nozima taratibu. "Nilikuwa nangoja mtu aje kuniona."

Hulkar aliinamisha kichwa. Maneno hayo yalimuuma kuliko kofi.

Bibi Mastura alimvuta karibu. "Umesikia, mjukuu wangu? Pipi ya harusi si ya mdomo, ni ya miguu. Unapewa ili uende ukamwone mgonjwa. Na siri yako ya asubuhi, je? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungenyamaza kidogo tu, ningemuua Anor kwa dawa isiyo yake, na paka angehukumiwa kwa kosa lako. Umechelewa kusema, lakini umesema. Usichelewe tena."

Jumatatu, kati ya mayai tisa, saba yalianguliwa. Hulkar hakungoja hata kuitwa. Alimweka kifaranga wa kwanza ndani ya kofia yake, akaenda mbio kubisha hodi kwa kina Nozima.