Kijiko Ndani ya Kikombe

Malai yalikuwa yamekwisha. Ndiyo sababu Eilert Poppinga alitoka nyumbani saa kumi na nusu jioni, siku ya Novemba, giza likiwa limeshaanza kushuka juu ya tuta la kuzuia bahari. Binti yake, Wiebke, alikuwa amefika kwa treni ya mchana kutoka Bremen, na Wiebke hanywi chai isiyotiwa krimu hiyo ya maziwa.

"Moin, Mwalimu," alisema Bi Habbinga wa dukani. "Nasikia binti kafika. Na kesho ni..." Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Sikusema kitu!"

"Hukusema kitu, Hilke."

"Maana ningesema, ungenifukuza hapa kijijini kwa ufagio. Mwambie kesho asubuhi nakuja na keki, ndipo nitamwambia lile neno. Leo hata usoni simwangalii. Nikikutana naye njiani, nageuka nyuma kama mwizi."

Pale Uthwarden, na kwingineko Ujerumani kwa kadiri Eilert alivyokujua, mtu hapongezwi kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Hapewi zawadi, haambiwi hongera, hata kwa utani. Husemwa kwamba anayepongezwa mapema haioni siku yenyewe. Eilert alifundisha fizikia kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo alilicheka jambo hilo.

Aliacha kulicheka miaka miwili iliyopita.

Alirudi taratibu, kichupa cha malai ndani ya mfuko wa koti. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mifereji. Upepo ulileta harufu ya tope, tope lile jeusi la maji kupwa, ingawa kwa saa ile maji yalipaswa kuwa yamejaa. Aliliona hilo. Alikuwa mtu wa kuona mambo kama hayo. Kisha akaliacha, kwa kuwa alikuwa anamfikiria mkewe.

Mwaka ule Tomma alikuwa atimize miaka sitini na mitano siku ya Alhamisi. Jumatano, saa ya chai, Eilert aliweka mbele yake kifurushi chembamba, kirefu kama kalamu, kimefungwa kwa utepe wa kijani.

"Nimekuwahi," alimwambia. "Kesho sitakuwepo."

Alikuwa aondoke alfajiri kwenda Göttingen kukutana na watu aliosoma nao chuoni. Angeweza kuchukua treni iliyofuata. Hilo alilijua siku ile, na hakuwa amelisahau hata siku moja tangu hapo.

Tomma alirudisha mkono nyuma. "Siyo leo, Eilert. Kiache hapo, kitaningoja."

"Tomma, wewe ni mtu mzima."

Naye Eilert akamshika mkono, akauweka juu ya utepe. Kwa upole. Akicheka.

Ndani kulikuwa na kijiko cha chai cha fedha, kimechongwa jina lake. Tomma alikitazama, akatabasamu ili asiharibu jioni ya mumewe, kisha akakitia ndani ya kikombe chake kitupu. Kwa watu wa pwani ile chai haikorogwi kabisa. Kijiko kina kazi moja tu. Mgeni akikitia kikombeni, maana yake: basi, usinimiminie tena. Asipokitia, mwenyeji anaendelea kumimina.

"Basi," alisema Tomma. "Nimetosheka."

Alfajiri Eilert alitoka kitandani kimya, viatu mkononi, asije akamwamsha. Daktari alisema baadaye kwamba Tomma alikuwa ameshafariki tangu saa tisa usiku. Moyo tu. Kwa hiyo Eilert alikuwa amenyata, kwa uangalifu wote ule, kandokando ya maiti.

Kijiko alikisukuma ndani ya jeneza, chini ya mkono wa gauni. Hakumwambia mtu.

Hilo pekee pengine angelibeba. Lakini siku ya mazishi Wiebke alimwendea, uso umevimba. Mchana ule wa Jumatano alikuwa amegombana na mama yake kwa simu, akamkatia.

"Baba, jioni ile... Mama alikuwa na huzuni?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana. Eilert alifungua mdomo, akasema:

"Kidogo."

Kwa sababu kama ni huzuni iliyomuua, basi haikuwa zawadi.

* * *

"Baba! Umechelewa hivyo? Ulikwenda kumkamua ng'ombe mwenyewe?"

Sauti ya Wiebke ilikuwa changamfu, lakini alikuja hadi mlangoni kumpokea, akashusha sauti. "Mgeni wako kafika."

"Mgeni yupi?"

"Si wewe unayemjua? Kasema amekuja kwa saa ya chai. Nikamwambia karibu, keti."

"Jina lake nani?"

"Baba! Nimuulize jina mlangoni, mama wa watu kalowa vile?"

Mgeni alikuwa amekaa kwenye kiti cha Tomma.

Mwanamke mzee, koti la kijivu limefungwa vifungo hadi shingoni. Dirisha lilikuwa nyuma yake, na uso wake haukuonekana sawasawa. Chini ya kiti sakafu ilikuwa na unyevu. Harufu ya tope, ile ya njiani, ilikuwa imetangulia ndani.

"Moin," alisema Eilert.

Mgeni aliinamisha kichwa.

Wakaketi. Eilert akaweka bonge la sukari ya mawe katika kila kikombe, akamimina chai ya moto juu yake. Sukari ikapasuka kwa ule mlio mdogo anaoupenda kila mtu wa pwani ile. Tk. Tk. Akadondosha malai ukingoni. Wakanywa.

Kikombe cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, maana pale adabu ni vikombe vitatu. Wiebke akatia kijiko chake kikombeni. Eilert akafanya vivyo hivyo.

Mgeni alisogeza kikombe chake mbele.

Kisahani chake hakikuwa na kijiko. Wiebke aliapa baadaye kwamba alikiweka.

Eilert akamimina cha nne. Cha tano. Mgeni alikunywa bila kupuliza, bila kungoja ipoe.

"Bibi, leo utatumalizia mto Ems wote," alisema Wiebke akicheka. Cha sita. Hakucheka tena.

Buli lile lilikuwa la mama yake Eilert. Linatoa vikombe tisa, halijawahi kutoa cha kumi. Vitatu vya Wiebke, vitatu vyake mwenyewe, na sasa sita vya mgeni. Kumi na viwili. Alilitikisa. Lilikuwa jepesi, tupu kabisa.

Aliliinamisha, na chai ikatoka.

Mshumaa wa kupashia chai chini ya buli ulififia, ukawa wa buluu.

Ndipo mgeni akaingiza mkono kifuani mwa koti. Akatoa kifurushi chembamba, kirefu kama kalamu. Akakiweka mbele ya Wiebke.

Utepe ulikuwa wa kijani. Umeoza pembeni.

"Nimekuwahi," alinong'ona. "Kesho sitakuwepo."

Eilert aliliweka buli mezani. Maneno yale hakuna mtu mwingine aliyeyasikia. Yalisemwa mbele ya watu wawili, na mmoja alikuwa kaburini.

"Ah, Bibi, jamani..." Wiebke alikuwa amerudisha mkono nyuma, aibu usoni. "Siyo leo. Kiache hapo. Kesho nitakifungua kwa furaha yote."

"Wewe ni mtu mzima."

Naye mgeni akamshika mkono, akauweka juu ya utepe.

Kwa upole.

Wiebke alimtazama baba yake. Tabasamu la heshima lilikuwa bado midomoni, lile lile la mama yake, la mtu asiyetaka kumwaibisha aliyeleta zawadi. Lakini midomo yenyewe ilikuwa imeanza kupauka.

"Baba... mkono wangu. Una baridi. Hauinuki..."

Mgeni alimwinamia sikioni. Alivuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kusema neno moja tu.

"Ho..."

"Hakuwa na huzuni!" alisema Eilert.

Mgeni akanyamaza. Hakugeuka.

"Kidogo," alinong'ona. Ilikuwa sauti ya Eilert. Sauti yake mwenyewe, ya siku ya mazishi.

"Hapana. Hata kidogo." Aliiweka mikono mezani. "Wiebke, sikiliza. Mama yako jioni ile alicheka. Alisema, 'Huyo atapoa kesho, hasira kazirithi kwa baba yake.' Alikuwa amekwisha kukusamehe kabla hujaweka simu chini. Mimi ndiye niliyempa zawadi siku moja kabla. Alikataa. Nikamshika mkono kama hivi. Sijui kama ndiyo iliyomuua. Sijui. Lakini uliponiuliza, nilikuacha uamini ni wewe."

Sukari ilipasuka ndani ya kikombe cha mgeni. Tk.

Eilert alikivuta kifurushi kutoka chini ya mkono wa binti yake. Kilikuwa kizito kuliko kilivyopaswa, na baridi yake ilimpanda hadi kwenye kiwiko. Utepe ulimkatikia vidoleni. Ndani kulikuwa na kijiko cha fedha. Herufi za jina zilikuwa zimejaa udongo, akazifuta kwa kidole gumba.

TOMMA.

Fundi aliyekichonga alitengeneza kimoja tu.

Eilert alinyoosha mkono hadi ng'ambo ya meza, akakitia kijiko ndani ya kikombe cha mgeni. Kililia kidogo kilipogusa kaure.

"Basi," alisema. "Nakuomba."

Mgeni alikitazama kijiko kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha juu cha koti lake, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, akatoka. Walisikia mlango. Njia ya mbele ya nyumba ile ina changarawe, na mtu yeyote akipita husikika.

Hawakusikia kitu.

Wiebke alikuwa anausugua mkono wake. Rangi ilikuwa inamrudia polepole. Hakumuuliza baba yake mgeni yule alikuwa nani.

"Miaka miwili, Baba," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka miwili naenda makaburini kumwomba radhi, na wewe unanishikia mwavuli."

Wiebke akainuka, akapanda chumbani kwake, akafunga mlango.

* * *

Asubuhi, kabla jua halijatoka, Eilert alisimama nje ya mlango huo. Hakuwa amelala. Aliweka sikio kwenye ubao. Hakusikia pumzi. Alijikuta ameshika viatu mkononi, na alipoona hivyo akaviacha vianguke kwa kishindo.

"Wiebke?"

Kimya.

"Wiebke!"

"Niko macho," ilisema sauti. Kavu, ya mtu aliyelia. "Niko hai, Baba."

Aliegemeza paji la uso kwenye mlango.

"Hongera, mwanangu."

Alingoja. Saa ya ukutani ilipiga mara nyingi.

"Asante," alisema Wiebke.

Aliondoka na treni ya saa nne, bila kungoja keki. Bi Habbinga aliikuta nyumba ina mtu mmoja, akaiweka keki mezani, akaanza habari za kijiji. Jana kulikuwa na msukosuko, alisema. Bibi mmoja wa kwenye nyumba ya wazee alitoroka. Kichwa chake kimechoka, masikini, hubisha milango ya watu akitaka chai. Walimkuta kwenye lango la maji la tuta, koti la kijivu, kalowa chapachapa.

Eilert aliinua kichwa. "Saa ngapi?"

"Walimkuta saa tisa alasiri. Wakamrudisha kitandani, wakamfungia mlango. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Yeye na Wiebke walikunywa chai na mgeni wao saa kumi na moja.

Kijiko hakukirudisha makaburini. Hakujua angewaeleza nini watunzaji. Hukitumia. Kila siku jioni huandaa vikombe viwili, chake na cha Tomma. Wiebke hupiga simu Jumapili, huuliza kama anakula vizuri, huaga. Hajarudi Uthwarden, wala Eilert hamlaumu.

Hunywa vikombe vyake vitatu. Kisha huchukua kijiko chenye jina, hukitia ndani ya kikombe cha Tomma, na husema lile neno, basi, kwa sauti anayoweza kuisikia mwenyewe. Halafu huinuka kwenda kufunga pazia la dirishani. Ni hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi. Amezihesabu.

Na kila anapogeuka, kijiko kiko juu ya kisahani. Kikavu.

Basi hurudi mezani, hushika buli, humimina tena.