Sinia, CD na Deki la Kina Recho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nusaiba alichemsha chai, akamkanda bibi yake nyonga kwa maji ya moto, kisha akafagia uwanja. Alifagia upande wao tu. Upande wa pili, mbele ya mlango wa kina Recho, ulikuwa na vumbi la mbao na vipande vya mpingo, maana baba yake Recho, Mzee Polikarpo, alikuwa mchonga vinyago. Zamani Nusaiba alifagia uwanja mzima bila kuambiwa. Tangu aingie darasa la sita, aliona ufagio wake hauna sababu ya kugusa takataka za watu.

Hapo ni Temeke, mwaka 1997. Bibi Tunu alikuwa ameanguka bafuni, akaumia nyonga, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kitandani na kitini. Hakuwa mtu wa kulalamika. Kilichomuuma kupita nyonga ni harusi ya Salma. Salma alikuwa mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Shangazi Tabu, na Bibi ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa mpaka akamaliza shule. Salma akaolewa Tanga, kwa mama yake, na Bibi hakuweza kusafiri. Mama yake Nusaiba alikwenda harusini, akawa bado yuko huko. Nusaiba alibaki kumwangalia Bibi.

"Mkanda wa harusi umefika?" Bibi aliuliza kila Baba aliporudi kazini.

"Bado, Mama. Tabu ataupitisha hapa akiwa safarini kwenda Lindi."

"Haya. Nikishamwona mtoto amepambwa maua yake, sina shida nyingine."

Shuleni nako kulikuwa na habari moja tu. Bidhaa za Dubai zilikuwa zimejaa Kariakoo, na watoto ambao juzi juzi tu walikuwa wakichungulia televisheni kwenye madirisha ya majirani sasa walijifanya mabingwa wa mitambo. Waligawanyika pande mbili kama washabiki wa mpira. Wa kwanza walisifu CD, zile sahani ndogo za kung'aa zinazoingia mfukoni mwa shati. Msemaji wao alikuwa Suhaib, ambaye baba yake alikuwa amenunua mashine ya kuzichezesha. Wa pili walisifu sahani kubwa za leza, pana kama sinia la pilau, ambazo ilisemekana picha zake ni safi kiasi cha kuhesabu kope za mtu. Msemaji wao alikuwa Nusaiba, ingawa hakuwahi kuiona hata moja.

"Sinia lako utalibebaje?" Suhaib alimuuliza wakati wa mapumziko. "Ukienda kuazima filamu itabidi ukodi mkokoteni."

"Bora mkokoteni. Nyie mnatazama watu wenye nyuso zilizokatika vipande kama vigae, eti nanyi mna video."

Recho alikuwa karibu yao akila muhogo wa kuchoma. "Sie tuna deki," alisema. "Filamu zetu tunatazama hivyohivyo."

Suhaib na Nusaiba, ambao tangu asubuhi hawakukubaliana hata juu ya rangi ya mbingu, waligeuka pamoja wakamtazama kama mtu anayetazama kandambili iliyokatika.

"Lile kopo?" Nusaiba alisema. "Halina hata mfuniko. Picha nzima chenga tupu, utadhani waigizaji wananyeshewa."

Suhaib alicheka mpaka akapaliwa. Recho aliumaliza muhogo wake akaenda darasani.

Baba yake Nusaiba, Mzee Shomari, alikuwa karani wa ghala bandarini, mtu mpole asiyejua lolote juu ya mitambo. Nyumbani kwake kulikuwa na deki zima la mikanda, tena zuri. Lakini Nusaiba alimwimbia asubuhi na jioni kwamba mikanda imepitwa na wakati, mpaka Baba akachoka kuimbiwa. Jumamosi moja walilifunga deki kwenye gunia, wakalipeleka Kariakoo kwenye duka linalobadilishana vyombo vya zamani kwa vipya.

Muuzaji aliitwa Alfonsi. Aliwaonyesha mashine mbili, ya sahani kubwa na ya CD. Kabla hajaanza kueleza, adhana ya alasiri ikasikika, na Baba akasema, "Nusaiba, msikilize vizuri. Mie nakwenda kuswali, nikirudi utanieleza."

Alfonsi alikuwa mkweli kuliko wauzaji wengi wa mtaa ule. "Nikwambie, sista," alisema. "Hii kubwa picha yake haina mfano. Lakini sahani zake hapa mjini utazitafuta kwa tochi. Hii ndogo picha yake ya kawaida, ila CD zake zipo kila kona. Na zote mbili hazichezi mkanda. Kama mna mikanda ya harusi nyumbani, deki lenu msiliache. Mweleze mzee achague mwenyewe."

Kisha akaiwasha ile kubwa. Kwenye kioo yakatokea majani mabichi, na wazee waliovaa kofia nyeupe wakipiga kimpira kwa fimbo. Kila jani lilionekana peke yake. Nusaiba hakuwa na haja yoyote na wazee wale, lakini alikwisha kuuona uso wa Suhaib siku atakapoyaona majani hayo. Aliukumbuka pia mkanda wa Bibi. Akajiambia kwamba mkanda wenyewe haujafika, na deki ni chombo cha kuazima popote.

Baba aliporudi, Alfonsi alikuwa akihudumia wateja wengine. "Nimeshamwelekeza mtoto," alisema kwa mbali.

"Amesemaje?" Baba aliuliza.

"Kubwa ndiyo yenye picha safi kuliko zote."

"Na deki letu?"

"Hatulihitaji tena, Baba."

Jibu la kwanza lilikuwa la Alfonsi. La pili alilitunga mwenyewe, papo hapo, bila hata kumeza mate.

Mashine ilikuja na sahani mbili. Moja ilikuwa ya wale wazee wa kimpira. Nyingine ilikuwa ya nyimbo za Kichina, maneno yakipita chini ili mtu aimbe, na katika nyumba ile hapakuwa na wa kuyasoma wala wa kuyaimba. Nusaiba alizionyesha zote mbili kwa kila aliyepita, naye akasimama kando ya televisheni kana kwamba yeye ndiye aliyeyaotesha yale majani. Suhaib alikuja, akatazama, akanyamaza. Hicho ndicho Nusaiba alichokuwa akikitaka.

Recho naye alikuja. Alinyoosha kidole kugusa ukingo wa sahani.

"Usiguse," Nusaiba alisema. "Mikono yako ina vumbi la vinyago. Kaguse lile kopo lenu."

Recho aliitazama mikono yake. Mlango ulikuwa wazi, na mama yake, Bi Yuliana, alikuwa uwanjani akichekecha unga. Alisikia kila neno. Alimwita tu mwanawe, "Recho, njoo uniletee maji," kisha akaendelea kuchekecha.

Baada ya wiki chache wazee wa kimpira walimchosha hata Nusaiba. Baba aliulizia sahani nyingine Kariakoo nzima, akaambiwa aagize Dubai. Mashine ikawekewa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pasi.

Ndipo Shangazi Tabu alipofika, Jumamosi mchana, na mkanda kwenye pochi.

"Nalala hapa leo tu," alisema. "Kesho alfajiri naondoka nao. Wakwe wa Salma kule Lindi wanausubiri, na mwingine sina."

Bibi alisikia kutoka chumbani. Aliomba kanga yake mpya, akaomba wanja. Baba akamtoa na kumkalisha kwenye kiti mbele ya televisheni, mto mgongoni. Kisha akaondoa pasi, akaondoa kitambaa, akaushika mkanda. Aliitazama mashine mbele, akaitazama ubavuni.

"Nusaiba, mkanda unaingia wapi?"

Nusaiba alikiokota kile kitambaa akaanza kukikunja.

"Nusaiba."

"Hauingii, Baba. Twende nao kwenye kibanda cha video pale barabarani. Kuna deki."

Shangazi Tabu alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Kibanda kipi, mwanangu? Huu ni mkanda wa ukumbi wa wanawake. Hata aliyepiga picha ni mwanamke. Salma humo yuko kichwa wazi, mabega wazi, nasi watu wazima tunacheza ngoma zetu. Unataka wahuni walipe kiingilio wamtazame dada yako?"

"Basi kwa kina Suhaib."

"Deki lao walishauza," Baba alisema. "Baba yake aliniambia."

Bibi alikuwa bado anakitazama kioo kitupu, wanja umekaa vizuri machoni. "Sasa itakuwaje?" aliuliza. "Sitamwona?"

Sauti yenyewe ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyomshinda Nusaiba. Alianza kulia. Akasema yote: kwamba Alfonsi alimweleza kila kitu, kwamba alimtajia mkanda wa harusi kwa jina, kwamba alimkataza kuliacha deki. "Nilinyamaza, Baba. Nilitaka ile ya kuwashinda wenzangu."

Baba alimrudishia Shangazi Tabu mkanda wake. "Nilikuacha uwe masikio yangu," alisema. "Ukaniletea nusu, nyingine ukatunga. Deki la nyumbani limebaki moja mtaani, na unajua liko wapi. Nenda kaliombe wewe."

Uwanja ule, ambao alikuwa akiugawa kwa ufagio kila asubuhi, siku hiyo ulikuwa mrefu.

"Hodi."

"Karibu," Recho alisema kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Nyie si mna sinia? Au pilau limeungua?"

"Recho, mwache aseme," Bi Yuliana alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi.

"Shikamoo, Mama Recho."

"Marahaba."

Nusaiba aliwaeleza habari ya mkanda. Bi Yuliana hakuacha kumenya.

"Lakini deki letu si kopo?"

"Nilisema mie, Mama."

"Na mwanangu si ana vumbi?"

"Nilisema."

"Vizuri, hujasahau. Maana watu wa namna yako huwa wepesi wa kusahau wakiwa na shida." Aliweka kisu chini. "Bibi yako hajanitukana. Ndiye aliyenifunga kanga tumboni siku nilipojifungua huyu Recho. Mleteni. Ila kuna kazi, na leo utaifanya wewe."

Baba na Mzee Polikarpo walimbeba Bibi na kiti chake, wakamvusha uwanja, wakamweka mbele ya televisheni ya kina Recho. Kisha Mzee Polikarpo akachukua patasi na kinyago alichokuwa akikichonga. "Nimefukuzwa kwangu na bibi harusi nisiyemjua," alisema akitoka. Yeye na Baba walikaa barazani, migongo dirishani, na Bi Yuliana akatundika kanga kwenye dirisha hata hivyo.

Nusaiba sasa aliijua kazi yake. Ndani ya deki lile, chuma cha kuushika mkanda kilikuwa kimevunjika. Mkanda haukukaa mpaka mtu apige magoti, aingize vidole pale palipokosa mfuniko, na aukandamize. Akilegeza, picha inakatika.

"Huwa anashika nani?" aliuliza.

"Mie," Recho alisema. "Wadogo zangu wanatazama."

"Na wewe?"

"Mie huwaga nasikiliza."

Nusaiba alipiga magoti, uso ukutani, kioo kikiwa juu ya kichwa chake. Recho akawa anazungusha kitufe cha kupunguza chenga. Matarumbeta yakaanza. Shangazi Tabu akapiga kigelegele kana kwamba hakuwapo siku ile, na Bi Yuliana akauliza nani ni nani. Kisha Bibi akasema, polepole, "Huyo. Huyo anaingia." Nusaiba alimsikia akipenga kwa upindo wa kanga yake mpya. Vidole vilianza kumuuma, magoti yakafa ganzi, naye hakulegeza.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwita, kama alivyozoea kumtania. "Unamwona dada yako alivyopendeza?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Simwoni, Bibi. Nimeshika mkanda."

Recho alicheka, na wote wakacheka. Baada ya kitambo akachuchumaa karibu yake. "Sogea nikupokee. Katazame hapo anapokata keki, halafu utarudi."

Nusaiba alisogea. Aliketi miguuni mwa Bibi, akamwona Salma kati ya mistari na chenga, mweupe kwa maua, akicheka. Keki ilipokwisha kukatwa, alirudi mwenyewe kwenye deki, bila kuitwa.

Jumatatu Baba aliirudisha mashine Kariakoo. Alfonsi alicheka mpaka akashika meza, lakini deki lao lilikuwa bado liko chini ya rafu, na akakubali kubadilishana. Shuleni Suhaib alitangaza kwamba sinia limeshindwa na CD zimeshinda. Nusaiba alimwacha atangaze.

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akimkanda Bibi nyonga, alimuuliza, "Picha ya kina Recho haikukuudhi, Bibi? Zile chenga?"

"Chenga niliziona," Bibi alisema. "Na ndani ya chenga nikamwona Salma. Kwetu hapakuwa na chenga, na Salma hakuwapo. Sasa nisikilize. Chombo watu wanakichagua kwa kazi watakayoifanyia, si kwa kumkomesha jirani. Ukipewa maneno uyafikishe, yafikishe yote, hata yale yasiyokupendeza, maana hujui ni lipi ambalo mwenzio analihitaji. Na dharau iache kabisa. Umemdharau mtoto aliyekuwa akipiga magoti ili wadogo zake watazame, nawe una magoti hayohayo."

"Nimesikia, Bibi."

"Kama umesikia, chukua ufagio. Jua limeshapanda."

Nusaiba alichukua ufagio akatoka. Alianzia mlangoni kwa kina Recho.