Skana ya Shemeji

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofika kwenye duka la dawa la shemeji yake. Dada yake alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na huyu mumewe alilia msibani hadi akashikwa mikono. Tangu hapo Fundi alimwona kama kaka wa tumbo moja.

"Karibu, mama wa mitambo," shemeji akamtania. "Mgonjwa wako yuko chumba cha nyuma. Anaweweseka."

Mgonjwa alikuwa kompyuta ya duka, mashine inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Skrini nyeusi, inauliza jina la anayeingia. Namba ndefu ikajiandika mahali pa jina. Nyingine ikafuata mahali pa neno la siri. Ikakataliwa. Tena. Tena. Ikizidi kukataliwa, mashine ingejifunga, na asubuhi wagonjwa wangerudi mikono mitupu.

Fundi akacheka. Juu ya meza palisimama skana ya kusomea mistari ya maboksi, taa yake nyekundu imeelekezwa kwenye boksi la dawa ya kikohozi. Kwa mashine, skana ni kibodi tu: inachokisoma, inakiandika.

"Nani kaiweka hivi, shem?"

"Labda mfanyakazi."

Fundi akaunganisha kompyuta yake ya mkononi, akaiandikia mashine amri: skana hii isisikilizwe tena mahali pa kuingilia.

Namba zikakoma.

Kimya.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba.

Kisha herufi moja ikatokea kwenye skrini... Fundi akatazama kibodi. Ilikuwa juu ya kabati, waya wake umeviringishwa.

Skana hutema namba zote kwa mkupuo. Hizi zilikuja moja moja. Zikakosewa. Zikafutwa. Zikarudiwa. Dada alikuwa hivyo hivyo. Kidole chake cha shahada kilikatika ncha utotoni, kikawa kinagusa herufi ya jirani, naye alikuwa akifuta bila hasira.

*mdogo wangu*

Fundi akaitazama skana, kisha skrini.

"Shem," akanong'ona. "Ni wewe uliyeiweka skana."

Shemeji alikuwa nyuma yake.

"Alikuwa haachi kuandika," akasema polepole. "Nikaona bora imzibe mdomo. Mganga aliniambia akishatolewa atanyamaza."

"Akishatolewa kafara?"

"Duka lilikuwa linakufa, shemeji. Ningefanyaje?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Upole huo ndio uliomchoma Fundi. Machozi ya mtu huyu Fundi aliyafuta kwa leso yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, mama yao alikuwa akiwaambia. Hakuwaambia kwamba kitakaa nawe msibani, kikuegemee bega.

"Basi mimi umeniitia nini?" Fundi akauliza. "Kama ulitaka anyamaze, ungeiacha skana yako."

Skrini ikajibu, herufi kwa herufi.

*mganga kamwambia mmoja hatoshi*

Nyuma yake, kitasa kikalia.

Fundi akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa, na shemeji ameuegemea, funguo mkononi, macho yako sakafuni. Nje ya dirisha, nyayo nyingi zilikuwa zinakanyaga kokoto taratibu, kama za watu wasio na haraka.

"Usiogope, shemeji, ni mganga na watu wake," akanong'ona. "Haiumi. Dada yako hakusikia kitu."

Kwenye skrini, mahali pa jina, herufi zikaanza tena kuja. Ya kwanza ikakosewa. Ikafutwa.

*mwongo*