Farasi Hapandi Tela Bovu

Siku hiyo ya mnada, barabara ya Mugumu ilikuwa imefurika ng'ombe, bodaboda na akina mama wenye mabeseni ya nyanya. Ghafla mlio ambao wengi hawakuwahi kuusikia ukapasua kelele zote. Farasi alikuwa analia ndani ya tela. Watu wakakimbilia kutazama, njia ikaziba kabisa.

Kauthar, koplo wa usalama barabarani aliyehamia pale kutoka Tanga, akapenya katikati yao, sare yake nyeupe imenyooka kwa pasi. Kazi yake ilikuwa kukagua magari. Akalizunguka lile tela, akainama, akachungulia chini.

"Mwenye mzigo huu ni nani?"

"Mimi, afande. Yassini." Kijana mrefu mwenye shati la drafti akasogea, mikono yake ikinukia ngozi mpya. "Ila huyu si mzigo. Anaitwa Lulu."

"Lulu wako anasafiri bila taa za nyuma, bila mnyororo wa usalama, na mbao za sakafu zimeoza. Tela likichomoka mlimani linarudi na watu. Halafu halina namba."

"Namba? Gari si linayo?"

"Gari lina yake, tela nalo linatakiwa liwe na yake. Kalisajili, ulitengeneze, ulilete tulikague. Leo Lulu atatembea."

Watu wakaangua kicheko. Yassini naye akacheka, akamteremsha farasi huku akimnong'oneza. Kabla hajaondoka, akageuka.

"Afande, huo ukali unapumzika saa ngapi?"

"Zamu ikiisha," Kauthar akajibu, kisha akajing'ata mdomo. Jibu lilimtoka bila ruhusa yake.

Yassini alikuwa fundi wa ngozi, mshonaji wa viatu na mikanda. Farasi wake wawili aliwanunua kambi moja ya watalii ilipofungwa, na matandiko yao aliyashona mwenyewe. Sasa watu wa Nkende, kule Tarime, walikuwa wamemwalika awapandishe watoto wao farasi siku ya Idi. Bila tela, safari hiyo isingekuwepo.

Namba ya Kauthar aliiomba kituoni kwa ajili ya ukaguzi wa tela, na jioni simu zikaanza.

"Umekula, afande wangu?"

"Umenunua taa?"

"Nakuuliza chakula, unaniuliza taa!"

"Taa kwanza."

"Basi nimenunua. Nyekundu kama ule mtandio wako wa Ijumaa."

Kauthar akakata simu haraka, asisikike anavyocheka. Kila alipolala aliiona ile mikono iliyomshika farasi kwa upole, na usingizi ukachelewa.

Kisha siku moja Bhoke, askari mwenzake, akarudi kutoka kwenye mgahawa akiwa amekunja uso.

"Dada, yule Mseti, dereva wa Yassini, anatamba mbele za watu. Eti ukaguzi kwao umekwisha, koplo ni shemeji yao, stika ya ukaguzi wanayo mfukoni."

Masikio ya Kauthar yakawaka moto. Tangu aanze kazi hakuwahi kupokea hata soda ya dereva. Akapiga simu papo hapo.

"Kumbe ulinipendea stika!"

"Stika gani, Kauthar?"

"Muulize Mseti. Usinipigie tena."

Yassini hakupiga. Ukimya ule ndio uliomuumiza Kauthar kuliko maneno ya mgahawani.

Idi ilipokaribia, akamwendea mkuu wake, Ambokile, mtu wa Mbeya aliyeogopwa na madereva wote wa wilaya.

"Shikamoo, afande. Kesho linakuja tela la farasi. Naomba akague mwingine. Mwenye nalo nilikuwa naye karibu."

Ambokile akaweka kikombe mezani. "Marahaba. Ajabu! Huyo kijana naye aliniomba hivyo hivyo. Alisema, 'Koplo Kauthar asiliguse tela langu. Likipita lipite kwa haki, watu wasije kumsema vibaya.'"

"Lini, afande?"

"Kabla hujaanza kununa."

Kauthar akakosa pa kuuweka uso wake.

Kesho yake tela likaja limepakwa rangi ya bluu, mbao mpya, namba yake inang'aa. Ambokile akalala chini yake, akauvuta mnyororo, akapima breki. Indiketa moja ikagoma kuwaka. Yassini akaifungua, akaunga waya, ikawaka.

"Limepita!" Ambokile akatangaza.

Mseti akashuka kwenye gari, kofia mkononi. "Afande Kauthar, yale maneno yalikuwa yangu. Nilitaka sifa tu. Yassini hakujua lolote."

Kauthar akamsogelea Yassini. "Mbona hukujitetea?"

"Ulinikataza kupiga simu."

"Na wewe ukatii!" Kauthar akavua kofia. "Nisamehe. Nilimwamini mtu wa mgahawani kabla yako."

"Nilikusamehe siku ile ile, mpenzi. Nilikuwa nangoja uniite."

Siku ya Idi, tela likapanda Nkende taa zote zikiwaka. Watoto waliovaa nguo mpya wakalikimbilia wakipiga kelele za furaha, na kila mmoja akapata zamu yake. Kauthar alikuwa likizo, amevaa gauni la kijani la hariri na hina mikononi. Yassini akamkalisha juu ya Lulu, akabaki amesimama chini, anamtazama.

"Kauthar, nataka kwenda Tanga kwa wazee wako. Niende?"

Umati ukasogea karibu.

"Nenda," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mama nimeshampigia. Anakusubiri."

Vigelegele vikalipuka. Yassini akashika hatamu, Lulu akainua shingo, na mtaa mzima ukawasindikiza kama maharusi.