Kifungo cha Cheche

Cherehani ilikuwa inakimbia vizuri asubuhi hiyo, mpaka simu ilipolia. Ni shule. Moyo wa mama ukalipuka pa!

"Mama Cheche, njoo. Bintiyo kapiga dawati teke tena. Akirudia, atasimamishwa masomo."

Cheche ni jina la utani. Wenzake wa darasa la tatu walimpa, na hawakukosea. Mama aliliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, akaondoka mbio. "Leo atanitambua," alijisemea njiani. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Lakini alishamchapa, akamnyima michezo, akambembeleza kwa peremende. Wapi! Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Ofisini aliwakuta mwalimu wa darasa, amenuna, na mwalimu mshauri, mwanamke mcheshi anayesaidia watoto wenye shida za tabia.

"Mwanangu ana kichwa kigumu," mama alianza.

"Taratibu, mama," mshauri alisema. "Fundi hukata kitambaa kabla ya kupima?"

"Thubutu! Nitaharibu nguo ya watu."

"Basi na mtoto tumpime kwanza. Nimekaa nyuma ya darasa wiki nzima nikimwangalia. Nini huja kabla ya fujo? Nini hufuata?"

"Kinachofuata ni mimi kumtoa nje!" mwalimu wa darasa alidakia.

"Na kabla?"

Mwalimu alijikuna kichwa. "Mara nyingi... tunasoma kwa sauti."

"Ndiyo. Kwenye hesabu ametulia. Kwenye kuchora ametulia. Zamu yake ya kusoma ikikaribia, teke."

Mama alishika mdomo. "Ala! Nyumbani hunisaidia kushona vifungo, ametulia tuli. Nikimwambia anisomee jina la mteja, kopo la vifungo linaanguka. Namwita mzembe, tunaokota, jina nasoma mwenyewe."

"Umeona? Kopo likianguka, hasomi. Akipiga teke, hasomi. Tunadhani tunamwadhibu, kumbe tunampa anachotaka."

"Yaani 'toka nje' yangu ni zawadi!" mwalimu alisema, akacheka kwa aibu.

Cheche aliitwa. Mama hakumkaripia. "Mwanangu, kusoma kunakuogopesha?"

Mtoto aliangalia viatu vyake. "Herufi zinanichanganya, mama. Wananicheka. Nikiwa nje, hawanicheki."

Hasira yote ikamwisha mama. Alimvuta binti yake, akamkumbatia.

Wakapanga pamoja. Mshauri atamfundisha kusoma silabi kwa silabi. Mwalimu atampa aya fupi siku moja kabla, aizoee nyumbani. Wanaocheka watakanywa, na Cheche akijaribu, atasifiwa. Hatatolewa nje tena, wala kusimamishwa masomo. Na akizidiwa, badala ya teke, ataweka kifungo juu ya dawati. Mwalimu akikiona, atakuja kumsaidia.

"Kifungo?" Cheche alishtuka. "Mnanifunga?"

Wote wakaangua kicheko. Mama alitoa kifungo chekundu mfukoni. "Hiki hakifungi mtu, mwanangu. Hiki kitakufungua mdomo."

Mambo hayakunyooka mara moja. Wiki ya kwanza teke lilirudi. Mwalimu alitaka kufoka, akajizuia. Alimwonyesha kifungo, akamsomea neno la kwanza, kisha wakaendelea pamoja. Jioni mama alishona huku Cheche akisoma kando yake. Alipokwama, mama alisimamisha cherehani akamsubiri. Kopo la vifungo likaacha kuanguka.

Siku moja simu ya shule ililia tena. Mama alishtuka hadi sindano ikamchoma kidole.

"Mama Cheche, leo bintiyo amegoma kutoka nje."

"Mungu wangu! Kafanya nini tena?"

"Kengele ya mapumziko imelia, wenzake wametoka kucheza. Yeye kang'ang'ania kitabu. Anasema, 'Subiri, mwalimu. Bado mstari mmoja.'"